Jitu la Tani Saba

Jumamosi jioni katika mji wa Sumbawanga, kama katika miji mingi ya Tanzania, vijana hukusanyika kwenye vibanda vya michezo ya video. Ndani mna televisheni mbili au tatu, mabenchi ya mbao, na wachezaji wawili wawili walioshika pedi za plastiki huku wenzao wakingoja zamu nyuma yao. Mwanafunzi atokaye Kate, aliyefika mjini kununua madaftari, hutoa shilingi chache akapata nafasi benchini. Mbele yake, katika kioo, majitu mawili ya chuma yanapigana. Yanakatana kwa mapanga ya moto, yanaruka juu, yanatua, na kuruka tena kabla vumbi halijatulia.

Walimu na wazazi wengi wana maoni yao juu ya vibanda hivyo, na maoni hayo si mazuri. Saa zinazopotea humo ni nyingi, na shilingi pia. Kesi hiyo haitaamuliwa hapa. Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ni la kisayansi: je, kile akionacho kijana huyo katika kioo kinawezekana? Na kama hakiwezekani, kinazuiwa na sheria gani ya maumbile?

Mchezo unaofaa kupimwa kwa swali hilo ni ule uitwao Gundam Wing: Endless Duel. Ulitengenezwa na kampuni ya Natsume na kutolewa na kampuni ya Bandai huko Japani mwezi Machi 1996, kwa ajili ya mashine ya Super Famicom ya kampuni ya Nintendo. Msingi wake ni mfululizo wa katuni za televisheni ulioonyeshwa Japani tangu Aprili 1995 hadi Machi 1996, kwa vipindi 49. Hadithi yenyewe ni ya vita kati ya dunia na makoloni yaliyojengwa katika anga za juu. Makoloni hayo yanawatuma duniani vijana watano, kila mmoja akiwa rubani ndani ya jitu lake la chuma. Vijana hao wana umri wa miaka 15, yaani umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Katuni hizo nazo ni tawi la mti mkubwa zaidi, uliopandwa mwaka 1979 wakati Gundam ya kwanza, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, ilipoanza kuonyeshwa.

Mwaka huo wa 1979 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilikuwa nacho tangu 1973, tena cha picha za rangi. Bara ilingoja hadi 1994. Hata kompyuta zilikuwa zimezuiwa kuingizwa nchini kuanzia 1974. Kizazi kilichosoma sekondari katika miaka hiyo kilijifunza kanuni za Newton kwa jiwe, kamba na ubao ulioinamishwa, na haielekei kwamba kilipungukiwa sana.

Endless Duel haukuuzwa nje ya Japani ulipotolewa. Ulisambaa baadaye kwa njia ya programu zinazoifanya kompyuta ya kawaida iigize tabia za mashine ya zamani, mara nyingi bila idhini ya wenye mali. Hilo ni jambo la wanasheria.

MAGUNIA SABINI NA MOJA

Wasimulizi wa kale wa habari za majitu walikuwa waangalifu: walisema jitu ni kubwa, wakanyamaza. Watunzi wa Gundam hutoa vipimo, na hapo ndipo wanapojitia mikononi mwa mwalimu wa fizikia. Wing Gundam, jitu linaloendeshwa na kijana aitwaye Heero Yuy, lina kimo cha mita 16.3 na uzito wa tani 7.1. Kwa mizani ya Ufipa, tani 7.1 ni magunia 71 ya mahindi ya kilo mia mia. Mzigo huo hubebwa na lori moja la wastani.

Sasa achukuliwe mwanafunzi mwenye kimo cha mita 1.7 na uzito wa kilo 60, akuzwe sawasawa kila upande mpaka alingane na jitu. Kimo chake kitakuwa kimezidishwa mara 9.6. Ngozi yake, kwa kuwa eneo hukua kwa kipeo cha pili, itakuwa imezidishwa mara 92 hivi. Lakini ujazo wake, na kwa hiyo tungamo lake, hukua kwa kipeo cha tatu: utakuwa umezidishwa karibu mara 880. Kilo 60 zikizidishwa hivyo hupatikana tani 53. Anayeshuku na apange matofali madogo yenye pande sawa: tofali lenye upande maradufu halijengwi kwa matofali mawili wala manne, bali manane.

Mwili wa binadamu una densiti inayokaribia ile ya maji. Ikiwa jitu lenye ujazo wa mtu wa tani 53 lina tani 7.1 tu, basi densiti yake ya wastani ni 0.13 ya ile ya maji. Kizibo cha chupa, kile cha gome la mti, kina 0.24 hivi. Pipa tupu la mafuta la lita 200, ambalo huwa na uzito wa kilo 20 hivi, lina 0.1. Kwa hiyo shujaa huyu wa kutisha ni mwepesi kuliko kizibo, naye amelizidi kidogo tu pipa tupu. Akianguka katika Ziwa Tanganyika pale Kirando, mradi maji hayamwingii ndani, ataelea na sehemu moja katika kila saba na nusu ya mwili wake ikiwa chini ya maji.

Hesabu inaweza kusukumwa mbele zaidi. Ngozi ya mwanafunzi yule ina eneo la mita za mraba 1.7 hivi, ya jitu itakuwa na mita za mraba 156. Tani 7.1 za chuma cha pua au chuma cha kawaida zina ujazo wa mita za ujazo 0.9. Zikisambazwa juu ya eneo lote hilo hutoa bati lenye unene wa milimita 6 tu. Na hapo hakijabaki kitu kwa ajili ya mifupa, injini, silaha wala kiti cha rubani. Watunzi wanajua udhaifu huo, nao wameubuni mlango wa kutokea: jitu limeundwa kwa metali iitwayo Gundanium, itengenezwayo katika anga za juu. Metali hiyo haimo katika jedwali la elementi.

Huenda msomaji akasema: basi tuliongezee jitu uzito, liwe na tani zake 53 kama inavyopasa. Hapo linafikwa na balaa jingine, ambalo Galileo alilieleza mwaka 1638 katika kitabu chake cha uzeeni juu ya sayansi mbili mpya. Uzito umekua mara 880, lakini mfupa wa mguu hubeba mzigo kwa eneo la mkato wake, nalo limekua mara 92 tu. Kanieneo ndani ya mfupa, yaani kani katika kila eneo moja, imepanda mara 9.6. Mwanabiolojia Mwingereza J. B. S. Haldane aliirudia hoja hiyo mwaka 1926 kwa kutumia majitu ya hadithi yenye kimo cha futi 60, akaonyesha kwamba mfupa wa paja la mtu huvunjika ukitwishwa karibu mara kumi ya uzito wa mwili, kwa hiyo majitu hayo yangevunjika mapaja kila yalipopiga hatua. Futi 60 ni mita 18 na kidogo. Gundam ya kwanza ya mwaka 1979 ilipewa kimo cha mita 18.

Maumbile yenyewe hutii sheria hii kila mahali. Katika hifadhi ya Katavi, kaskazini ya Ufipa, tembo hasimami juu ya miguu ya swala iliyokuzwa. Miguu yake ni nguzo nene zilizonyooka, na mnyama huyo mkubwa haruki kabisa. Darasani jambo hili halihitaji maabara. Finyanga sanamu ya mtu kwa udongo mbichi wa mfinyanzi, yenye kimo cha sentimita 8, kisha finyanga nyingine ya udongo ule ule yenye kimo cha sentimita 40, ukizingatia uwiano ule ule wa miguu na kiwiliwili. Ya kwanza itasimama. Ya pili itaanza kupinda magoti kabla hujamaliza kuitia kichwa, na ukitaka isimame itakubidi uinenepeshe miguu mpaka isifanane tena na mtu.

MAJITU YALIYOSIMAMA UFIPA

Ufipa wenyewe ulikuwa na majitu yake, nayo yalihusiana na chuma kwa kweli. Mafundi wa Kifipa walijenga kwa udongo tanuri refu liitwalo ilungu, kwa wingi malungu, lenye kimo cha mita 3 hivi. Ndani yake mawe ya chuma na mkaa vilijazwa pamoja. Tanuri hilo halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu yaliyozunguka tako lake, ikivutwa na hewa ya moto iliyokuwa ikipanda na kutoka juu. Ndipo chuma ghafi kilipotolewa na kusafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20 chuma cha viwandani kilipoenea, lakini magofu ya malungu yamebaki, na Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyafanyia utafiti wa akiolojia katika miaka ya 1990.

Mvuto wa hewa katika tanuri la namna hii huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka. Kwa nini basi fundi hakujenga ilungu la mita 16? Jibu ni la Galileo. Kadiri rundo la mkaa na mawe linavyorefuka, ndivyo kanieneo inavyoongezeka chini, na mkaa wa miti ni dhaifu. Ukielemewa hupondeka ukawa vumbi, vumbi likaziba njia za hewa, na moto ukafa. Mafundi wa Ulaya walikabiliwa na kikomo hicho hicho katika matanuri yao ya mkaa wa miti, ingawa matanuri hayo yalikuwa marefu zaidi. Kikomo kilisogezwa baada ya Abraham Darby, huko Coalbrookdale nchini Uingereza, kufaulu mwaka 1709 kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, ambayo ni magumu na hayapondeki upesi. Matanuri makubwa ya leo hupita mita 30. Fundi wa Ufipa hakuandika kanuni yoyote ukutani. Alikijua kimo cha ilungu kwa mikono yake na kwa mikono ya waliomtangulia.

Wajapani nao walijaribu kulijenga jitu lao. Katika bandari ya Yokohama, tarehe 19 Desemba 2020, ilifunguliwa Gundam ya kweli yenye kimo cha mita 18 na uzito wa tani 25 hivi, iliyoweza kupinda magoti, kuinua mikono na kugeuza kichwa. Wahandisi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Lakini aliyelitazama jitu lile kwa nyuma aliona kwamba kiuno chake kilishikiliwa na nguzo ya chuma iliyounganishwa na jengo. Miguu ilionyesha mwendo wa kutembea bila kubeba mwili. Maonyesho yalifungwa tarehe 31 Machi 2024, na jitu halikuwahi kupiga hatua moja kwa uwezo wake. Karibu zaidi na kwetu, Kinshasa kuanzia 2013 na baadaye Lubumbashi, mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili, zilisimikwa roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay. Kimo chake ni mita mbili na nusu hivi. Zinatumia umeme wa jua, hugeuza kifua na kuinua mkono, kutembea hazitembei.

DUNIA YENYE MVUTANO MWINGINE

Ikiwa jitu haliwezi kutembea Yokohama, linawezaje kuruka katika kibanda cha Sumbawanga? Ni kwa sababu mashine ya mchezo haiijui dunia yetu. Inazijua namba tu, tena si nyingi. Super Famicom, iliyotoka Japani Novemba 1990, huchora picha 60 kila sekunde. Kila picha ina nukta 256 kwa upana na 224 kwa kimo. Moyo wa mashine hupiga mapigo yasiyozidi milioni 3.58 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina mapigo yasiyofika 60,000 ya kufanyia kazi zote: kusoma pedi mbili, kuendesha majitu mawili, kuhesabu mapigo na kupanga picha inayofuata. Mashine haina amri ya kutafuta kipeuo cha pili. Inajua kujumlisha na kutoa, na hivyo karibu vinatosha.

Jitu linaporuka, programu huweka namba mbili kumbukumbuni, yaani kimo na kasi. Katika kila picha hujumlisha kasi kwenye kimo, kisha hupunguza kasi kidogo. Upunguzaji huo ndio mvutano wa dunia katika ulimwengu wa mchezo. Chukua mfano (namba hizi ni za kufundishia, si za Endless Duel yenyewe): kasi ya kuanzia ni nukta 8 kwa picha, nayo hupunguzwa nusu nukta kila picha. Katika picha ya kwanza jitu liko kwenye nukta 8, ya pili 15.5, ya tatu 22.5, ya nne 29. Hatua zinafupika hadi picha ya 16, ambapo limefika nukta 68. Picha moja hupita bila mwendo, kisha jitu hushuka kwa hatua zile zile, na katika picha ya 33 linagusa ardhi. Mwanafunzi akiichora kwenye karatasi ya grafu atapata paraboli, ile ile ya jiwe lililorushwa uwanjani. Hadi hapo mchezo ni mkweli.

Uongo umo katika kipimo. Ikiwa jitu la mita 16.3 limechorwa kwa nukta 100, basi nukta 68 ni mita 11. Picha 33 ni sekunde 0.55. Lakini kitu kilichofika mita 11 katika dunia yetu huchukua sekunde moja na nusu kuanguka, na muda kama huo kupanda, jumla sekunde 3. Ili mruko wote uishe kwa sekunde 0.55, mchapuko wa kuangukia lazima uwe mara 30 ya ule wa dunia. Jitu la kweli lingeelea hewani polepole, kama nyangumi anapojirusha juu ya maji, na hakuna kijana ambaye angetoa shilingi kulitazama. Mtengenezaji amelikuza umbo lakini ameacha saa ya mwili wa mtoto.

Rubani ndiye wa kuhurumiwa. Jitu la mfano wetu linagusa ardhi kwa nukta 8 kwa picha, ambazo ni mita 78 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 280 kwa saa, na linasimama papo hapo katika muda wa picha moja. Mchapuko wa kusimama huko ni karibu mara 480 ya ule wa mvutano wa dunia. Rubani wa ndege za kivita, akivaa nguo maalumu ya kubana miguu na tumbo, huvumilia mara 9 hivi kwa sekunde chache. Kijana wa miaka 15 aliye ndani ya kifua cha jitu hatafika kwenye raundi ya pili.

Hata pigo la upanga ni hesabu ya kidato. Mashine haina nafasi ya kulinganisha kila nukta ya upanga na kila nukta ya mwili. Kwa kawaida michezo ya aina hii huuzungushia mwili mstatili usioonekana, na upanga mstatili wake. Mistatili miwili imegusana ikiwa ukingo wa kushoto wa kila mmoja uko kushoto kwa ukingo wa kulia wa mwenzake, na vivyo hivyo kwa chini na juu. Ni hali nne tu za kutokuwa sawa, ambazo mwalimu wa hisabati anaweza kuzifundisha kwa vipande viwili vya boksi juu ya meza. Ujuzi uliojenga mchezo huu, ukiondoa michoro na muziki, umo katika vitabu vya sekondari. Ni ajabu kidogo kwamba vibanda vimejaa wachezaji na shule zetu zina wachache sana wanaojaribu kutunga.

Jambo moja katika kibanda ni la kweli kabisa, nalo ni mwili wa mchezaji. Mchezaji wa bao ana muda wa kufikiri. Katika michezo ya aina hii pigo linaweza, tangu linapoanza hadi linapofika, kuchukua picha 8 tu, na jicho, ubongo na kidole vya binadamu havifanyi kazi kwa upesi huo. Apendaye kujua kiasi chake na atumie rula. Mwenzake aishike rula ya sentimita 30 ikining'inia, yeye aweke vidole wazi kwenye alama ya sifuri, na mwenzake aiachie bila kumwonya. Akiidaka kwenye sentimita 20, muda wake ni sekunde 0.2, yaani picha 12. Akiidaka kwenye sentimita 15 ana picha 10 na nusu. Hapana awezaye kuliona pigo la picha 8 na kulikinga; hukingwa na yule aliyekisia kabla halijaanza, kwa kuwa amekwisha kuzizoea tabia za mpinzani wake. Mwanafunzi wa Kate aliyeshindwa Jumamosi huenda akadhani mpinzani ana mikono mepesi. Rula ikiwapima wote wawili, kwa kawaida tofauti kati yao itakuwa picha moja au mbili.